Tumbo linauma miaka 2 na kila kipimo "kiko sawa"

Pole sana dadangu wa Likoni. Miaka 2 ya maumivu, kila kliniki unaambiwa ni asidi, unarudi nyumbani na omeprazole ileile, dawa ya kupunguza asidi. Mimi ilinichukua miaka 3 kujua chanzo. Nilikuwa nikishuka feri nimejishika kiuno, nyumbani wakaanza kusema najidekeza. Hujidekezi. Kipimo kikiwa safi kimeondoa sababu moja tu, hakijasema huumwi.

Kilichonisaidia ni daftari la shule. Andika saa yanapoanza, umekula nini (mahamri, mbaazi za nazi, chai ya maziwa), choo kilikuwaje, na tarehe za hedhi. Yangu yalikuwa yakinibana siku mbili kabla ya hedhi, kila mwezi, na sikuwa nimeona mpaka nilipoandika. Daktari alifunua kurasa tatu tu akanipeleka kwa bingwa wa magonjwa ya wanawake: endometriosisi, yaani tishu kama ile ya ndani ya mfuko wa uzazi inaota nje yake, na ultrasaundi ya kawaida mara nyingi haiioni.

Yako huenda ni kitu kingine. Omba kipimo cha choo cha H. pylori, bakteria wa tumboni, lakini omeprazole huficha majibu, kwa hiyo muulize daktari kuhusu kuiacha wiki 2 kabla. Diklofenaki, zile dawa za maumivu za kujinunulia, ziache, zinachubua tumbo.

Ukikonda bila sababu, dai bingwa wa tumbo na kipimo cha kamera mapema. Ukiona choo cheusi kama lami, ukitapika damu, au tumbo likawa gumu kama ubao, usingoje miadi. Kimbia Makadara, yaani hospitali ya Coast General Mombasa, idara ya dharura, hata kama ni usiku wa manane.