Kitindamlo cha Matunda kwa Sikukuu ya Kiangazi

SWALI: Mhariri, sikukuu ya kiangazi inakaribia na ninatarajia wageni wapatao 12, wakiwamo watoto wadogo na mjomba wangu mwenye kisukari. Ningependa kuwaandalia kitindamlo cha matunda chenye kupendeza machoni lakini kisicho na sukari nyingi. Mwaka jana nilitengeneza jeli ya nanasi, nayo haikuganda hata baada ya kukaa kwenye jokofu usiku kucha. Nifanye nini safari hii?

JIBU: Ndugu msomaji, jeli yako iliharibiwa na nanasi lenyewe. Nanasi ambalo halijapikwa lina kimeng'enya kiitwacho bromelini, ambacho huvunjavunja protini, na jelatini inayogandisha jeli ni protini. Papai na kiwi pia zina vimeng'enya vya namna hiyo. Ukivichemsha vipande vya nanasi kwa dakika chache kabla ya kuvitia, jeli itaganda.

Hata hivyo, kwa karamu yenye wageni wengi na joto kali, ningekushauri uiache jeli na uandae keki ya tikiti maji, yaani tikiti lililochongwa na kupakwa mtindi, ambayo haihitaji tanuri wala unga. Chagua tikiti zito kwa ukubwa wake, lenye doa la manjano upande uliolalia ardhi, kwani hiyo ni dalili kwamba liliivia shambani. Lioshe kabla ya kulikata, maana kisu hubeba uchafu wa ganda hadi ndani. Kata ncha zote mbili ili lisimame, menya ganda lote pamoja na sehemu nyeupe, kisha lichonge liwe duara lililo sawa pande zote.

Hapa ndipo wengi huharibu kazi: zaidi ya asilimia 90 ya tikiti ni maji, na mtindi ukipakwa juu ya tikiti lililolowa huteleza wote ukaishia kwenye sahani. Lifute kwa kitambaa safi, liache kwenye jokofu kwa muda, kisha ulifute tena kabla ya kupaka. Mtindi nao, usiotiwa sukari, uchujwe tangu usiku katika kitambaa chembamba kilichowekwa juu ya chujio ndani ya jokofu, mpaka uwe mzito kiasi cha kusimama kwenye kijiko. Lita moja hupungua sana, kwa hiyo andaa zaidi ya unavyodhani. Pambia kwa stroberi, embe, zabibu na majani machache ya mnanaa, ukizingatia rangi zipishane.

Nakusihi usimwagie asali wala shira juu yake. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2015 unashauri sukari huru isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani takriban gramu 50 kwa anayekula kalori 2,000. Asali, shira na juisi zinahesabiwa humo, ilhali sukari iliyo ndani ya tunda zima haihesabiwi. Tunda lililoiva vizuri linajitosheleza kwa utamu. Kwa mjomba wako jambo hili si ruhusa ya kula bila kipimo, kwani matunda nayo hupandisha sukari ya damu. Mpe kipande kidogo chenye mtindi wa kutosha, naye afuate kiasi alichoelekezwa na daktari wake.

Zabibu za watoto walio chini ya miaka mitano zikatwe kwa urefu mara nne, kwa sababu zabibu nzima inaweza kuziba koo la mtoto.

Paka mtindi na kupamba muda mfupi tu kabla ya kuandaa meza. Keki isikae nje ya jokofu kwa zaidi ya saa mbili, na joto likizidi nyuzi 32 za Selsiasi, isizidi saa moja.