Kabla ya kitakasa mikono, fungua dirisha

Abiria wengi nawaona wakipanda basi, wanakaa, wanatoa kichupa cha kitakasa mikono na kujipaka hadi viwikoni, huku madirisha yote yamefungwa na watu wamejaa mpaka mlangoni. Mikono safi ni muhimu, sikatai. Mafua na magonjwa ya kuhara hupitia humo, ingawa kwa kuhara sabuni na maji ni bora zaidi. Ila kifua kikuu hakiambukizwi kwa kushika chuma cha basi. Unakivuta kwa pumzi. Surua ndiyo balaa: virusi vyake vinaweza kubaki hewani hadi saa 2 baada ya mgonjwa kushuka.

Januari 2020, katika jimbo la Zhejiang nchini China, mtu mmoja mwenye korona alisafiri kwenye basi la watu 68, kwenda na kurudi kama dakika 100, kiyoyozi kikizungusha hewa ile ile ya ndani. Wenzake 23 waliambukizwa, wakiwemo waliokaa mbali naye. Dereva na waliokuwa karibu na mlango walisalimika.

Ndiyo maana mimi nikipanda naangalia madirisha kwanza, kiti baadaye. Dirisha moja peke yake halitoshi kama hewa haina pa kutokea. Likifunguliwa la mbele upande huu na la nyuma upande ule, utasikia upepo ukikatiza. Shida ni yule anayelalamika baridi. Simhubirii magonjwa, maana atalifunga kwa hasira na basi zima litamuunga mkono. Namwambia tu, "Samahani dada, tuache upenyo kidogo," upana wa vidole viwili, na mara nyingi anakubali.

Barakoa naivaa basi likijaa, ile inayobana vizuri puani na mashavuni. Ya kidevuni ni pambo. Na wanaopiga simu kwa kelele wapunguze sauti: anayepaza sauti hutoa matone mengi kuliko aliyenyamaza, tena mambo ya shemeji yako hatukuyauliza.

Ukiwa wewe ndiye unayekohoa, vaa barakoa, kaa dirishani, koholea kwenye kiwiko. Kikohozi kikifika wiki 2, nenda kapime kifua kikuu. Kikigundulika mapema na dawa ukazimeza ipasavyo, wagonjwa wengi huacha kuambukiza wengine ndani ya wiki chache, ila dozi lazima uimalize.