Kilobaiti 32 za transiva zinaishia wapi?

Maswali ya wasomaji kuhusu vifaa vya mawasiliano ya fiba

SWALI: Shikamoo fundi. Naandika programu dhibiti ya transiva ya SFP+, ile moduli ndogo inayochomekwa kwenye swichi ya mtandao ili kugeuza umeme kuwa mwanga wa fiba na mwanga kuwa umeme. Mikrokontrola tuliyopewa ina flashi (panapokaa programu) ya kilobaiti 32 na RAM (panapokaa data inapofanya kazi) ya kilobaiti 2. Flashi imejaa asilimia 97. RAM nayo imebana kiasi kwamba swichi ikisoma moduli mfululizo, moduli inajiwasha upya yenyewe, na nahisi steki, yaani sehemu ya RAM inayokua kila kazi inapoita kazi nyingine, inakanyaga data. Juu ya hayo, wakubwa wanataka mteja aweze kusasisha programu bila kuchomoa moduli. Nimeshaanza kufuta vipengele kimoja kimoja lakini nafasi haipatikani. Nianzie wapi? – Mhandisi kijana

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwanza acha kufuta. Unafuta kwa kukisia, na vinavyokula nafasi kwa kawaida si vile ulivyoviandika wewe. Fungua faili la ramani linalotolewa na linka (programu inayounganisha vipande vya msimbo) kila unapokompaili, panga vipande vyote kwa ukubwa, kisha soma ishirini vya juu. Mbele ya kila kimoja jiulize: nani alikiita?

Nina hakika kubwa utakuta maktaba ya namba za desimali. Mikrokontrola ndogo nyingi hazina sakiti ya kuzikokotoa, kwa hiyo kompaila huleta programu nzima ya kuzijumlisha, kuzizidisha na kuzigawanya. Ukiwa umeita logi ya hisabati (logarithimu) mahali popote, nayo imekuja na ya kwake. Ukiwa umeacha printf (amri ya kuchapisha maandishi) ya majaribio, hizo ni kilobaiti nyingine. Vyote hivyo havina kazi ndani ya transiva yako. Kiwango cha SFF-8472, kinachosema moduli iripoti vipi vipimo vyake kwa swichi, kinataka nguvu ya mwanga iandikwe kwa hatua za mikrowati 0.1 ndani ya biti 16. Miliwati 1 ni 10000, basi. Kuigeuza kuwa dBm, kipimo cha nguvu kinachohitaji logi, ni kazi ya swichi. Jotoridi ni namba yenye alama, kila hatua ikiwa 1/256 ya nyuzi, hivyo nyuzi 25.5 ni 6528, au 0x1980 kwa heksadesimali. Volteji huenda kwa hatua za mikrovolti 100, na mkondo wa leza kwa hatua za mikroampea 2. Waliokipanga kiwango hiki wamekuandalia namba kamili kila mahali. Zifuate tangu unaposoma kigeuzi cha analogi hadi unapojibu swichi, na usipitie desimali hata mara moja katikati.

Tuje kwenye jedwali la leza, ambalo nalipenda kuliko vyote. Leza ikipata joto huhitaji mkondo zaidi ili itoe mwanga uleule, na wengi huweka jedwali la mkondo wa msingi na jedwali la mkondo wa urekebishaji (ule unaopanda na kushuka kubeba data), ingizo moja kwa kila nyuzi kuanzia -40 hadi 85. Hayo ni maingizo 126, baiti 2 kila moja, majedwali mawili: baiti 504. Weka ingizo kila baada ya nyuzi 4, uanzie -40 hadi 88. Unabaki na maingizo 33, yaani baiti 132 kwa majedwali yote mawili, na katikati unakadiria kwa mstari ulionyooka.

Kwa nini 4 na si 5? Kwa sababu nyuzi 4 kwa hatua za 1/256 ni 1024, na kugawanya kwa 1024 ni kusogeza biti 10 kulia. Huhitaji kugawanya kokote. Chukua zile 25.5: 6528 ukiongeza 10240 ili -40 iwe sifuri, unapata 16768. Sogeza biti 10, unapata ingizo la 16, ambalo ni nyuzi 24. Biti 10 zilizobaki ni 384, yaani nyuzi 1.5 juu yake. Zidisha tofauti ya maingizo mawili kwa 384, sogeza tena biti 10, jumlisha, umemaliza. Zao hilo lifanyie kwenye biti 32. Na kabla ya kuongeza 10240, zuia jotoridi lisishuke chini ya -40 wala lisifike 88. Kwenye nyuzi 88 kamili jumla inafika 32768, moja zaidi ya kinachobebwa na namba ya biti 16 yenye alama. Namba itageuka hasi, na leza itapewa mkondo usio wake wakati imeiva.

Kuna jambo moja la kuliangalia hapa. Mkondo wa kizingiti wa leza, yaani ule inaoanzia kutoa mwanga wa leza, haupandi kwa mstari, unapanda kwa kasi inayoongezeka kadiri joto linavyozidi. Upande wa baridi makadirio yatakaa vizuri. Upande wa joto pima katikati ya maingizo mawili ya mwisho uone kosa ni kiasi gani. Likizidi, ongeza maingizo juu ya nyuzi 60 peke yake, huku chini ukiacha jinsi palivyo.

RAM sasa. Naamini unanakili kurasa zote mbili ambazo swichi huzisoma kwa anwani za A0h na A2h, baiti 256 kila moja. Robo nzima ya RAM yako imeondoka hapo. A0h ni jina la mtengenezaji, namba ya moduli, aina yake. Havibadiliki moduli ikiwa kazini, kwa hiyo visomwe moja kwa moja kutoka kwenye flashi. Kwenye A2h, baiti 0 hadi 39 ni mipaka ya tahadhari, nayo haibadiliki. Vipimo vinavyotembea ni baiti 10 tu, kuanzia 96 hadi 105, pamoja na hali na alama za tahadhari zinazofuata. Hizo 10 ziwekee nakala mbili, moja ya kuandikia na moja ya kusomewa, maana swichi ikipokea baiti ya juu ya kipimo cha zamani na baiti ya chini ya kipimo kipya, itaona jotoridi limeruka ghafla na kupiga kengele bure.

Kuhusu steki usihisi, pima. Moduli inapowaka jaza RAM yote iliyo tupu kwa baiti ya alama, 0xA5, iache swichi iisumbue usiku kucha, kisha tazama 0xA5 zimefutwa hadi wapi. Angalia pia kama una kazi ya kukatiza (inayoingia ghafla kati ya kazi nyingine) inayoita printf ileile niliyoisema. Hapo steki huumia sana.

Sasa hilo la wakubwa. Programu mbili kamili ndani ya kilobaiti 32, moja ikifanya kazi na nyingine ikisubiri, haitawezekana bila kuikata kazi yako nusu. Wenye moduli kubwa zinazofuata CMIS, kiwango cha usimamizi wa moduli mpya zaidi, wana amri zilizosanifiwa za kupokea programu mpya na kuchagua kati ya nakala mbili, A na B, lakini pia wana kumbukumbu ya kutosha. Wewe tenga eneo dogo mwanzoni mwa flashi lisilofutwa kamwe. Ndani yake weka programu fupi inayojua mambo matatu: kujibu A0h ili swichi iendelee kuitambua moduli, kupokea vipande vya programu mpya baada ya nenosiri la baiti 123 hadi 126 za A2h, na kukagua kwamba programu nzima imefika bila kosa kabla ya kuiruhusu iwake. Umeme ukikatika katikati, moduli inarudi kwenye programu hiyo fupi na kusubiri kutumiwa tena. Mwambie mteja wazi kwamba wakati wa kusasisha kiungo kitakatika. Wakubwa wako nao waambie hivyo leo, kabla hawajaahidi kinyume.

Na majedwali ya leza yasiwe ndani ya eneo linalofutwa. Yamepimwa kiwandani kwa leza ile moja, na ya moduli ya jirani hayatakufaa. Programu unaweza kuituma tena hata mara mia. Vipimo hivyo vikifutika, moduli inarudi kwenye benchi.

SWALI: Fundi, moduli yetu inaandika saa za kazi na jotoridi la juu kwenye flashi kila dakika, kwa kufuta ukurasa na kuuandika upya. Mwenzangu anasema tutaiua flashi. Ni kweli? – Msomaji wa siku nyingi

JIBU: Ni kweli, na mapema kuliko unavyodhani. Tafuta kwenye karatasi ya chipu idadi ya mafuto iliyodhaminiwa. Kwa flashi ya ndani ya mikrokontrola 10,000 ni ya kawaida. Kila dakika, hizo zinakwisha kabla ya siku 7.

Usifute ili kuandika. Andika mbele. Ukurasa wa baiti 1024 unabeba rekodi 128 za baiti 8, kila moja ikiwa na namba ya mfuatano na ukaguzi wake. Andika kila saa badala ya kila dakika. Saa za kazi hazihitaji zaidi ya hapo. Utafuta mara moja kila baada ya saa 128, na mafuto 10,000 yatafika saa 1,280,000, zaidi ya miaka 140. Tumia kurasa mbili kwa zamu, ili umeme ukikatika katikati ya kufuta, rekodi za mwisho ziwe salama kwenye ule mwingine. Na ujue kwamba chipu nyingi ndogo husimama wakati zinafuta, hata I2C, njia ambayo swichi huisomea moduli, haijibiwi. Kwa hiyo waya wa kuzima leza usitegemee programu. Upeleke moja kwa moja kwenye sakiti inayoiendesha leza.

SWALI: Kwa nini msinunue tu chipu kubwa zaidi? – Mwanafunzi wa elektroniki

JIBU: Mara nyingine ndilo jibu sahihi, na nalisema bila aibu. Kama familia ileile ina chipu yenye pini zilezile na flashi mara mbili, na bidhaa bado iko mezani, badilisha mapema. Ila mhandisi wa barua ya kwanza ana bodi ambazo tayari zimechapwa, ndani ya kasha lisilozidi upana wa milimita 14. Chipu yenye umbo tofauti ni bodi mpya, majaribio mapya ya joto na ya mawimbi, na kalibresheni upya. Mwache kwanza alisome lile faili la ramani. Akishaondoa desimali na bado amekwama, hapo aende kwa wakubwa akiwa na orodha ya ukubwa wa kila kipande mkononi, aombe chipu.