Pathfinder jeshini ni nani?

Ndugu uliyeuliza kama pathfinder ni skauti tu kwa jina jingine: hapana. Skauti huenda kumchungulia adui, kisha anarudi kutoa taarifa. Pathfinder harudi. Anatangulia, anabaki palepale, na kazi yake ni kuwaita wenzake waje mahali alipo.

Jina hilo lilishika sana kwenye Vita vya Pili vya Dunia. Agosti 1942 jeshi la anga la Uingereza liliunda kikosi cha ndege za kutangulia usiku, zikiangusha mioto ya rangi juu ya shabaha ili ndege za mabomu zilizofuata zijue pa kulenga. Kwa askari wa miavuli wa Marekani, somo lilitoka kisiwa cha Sicily, Italia, Julai 1943: upepo na giza viliwatawanya vibaya mno. Septemba mwaka huohuo, karibu na mji wa Salerno, hukohuko Italia, walitanguliza watu wa kuweka alama na wengi wakatua panapotakiwa.

Normandy, pwani ya Ufaransa, Juni 1944, timu ziliruka mapema kuliko kundi kubwa, zikiwa na taa za kupanga umbo la T na redio iitwayo Eureka, iliyojibu mawimbi ya chombo cha Rebecca ndani ya ndege ili rubani ajue pa kuelekea. Mawingu na mizinga vilizipotosha nyingi, na nyingine hazikuthubutu kuwasha taa maana Wajerumani walikuwa karibu. Mimi nawaheshimu sana hao: kuwasha taa katikati ya adui si jambo dogo.