Ukuta wa matumbawe unamumunyuka: usikimbilie saruji

Dada yangu, umeuliza kwa nini ukuta wa nyumba ya marehemu babu hapo Bagamoyo unamumunyuka na kutoa unga, na kama uupige lipu ya saruji. Nakuomba, saruji iache kwanza.

Jiwe la matumbawe karibu lote ni chokaa, yaani kalisi kaboneti. Chukua kipande kilichodondoka, kikamulie ndimu: utaona vipovu vidogo vikichemka juu yake. Ile ni kaboni dayoksaidi inatoka, asidi inalila jiwe. Mvua hufanya vivyo hivyo, ila polepole mno. Ikishuka huchukua kaboni dayoksaidi ya hewani, ikipita kwenye udongo wenye mizizi huichukua zaidi, ikawa asidi hafifu. Chokaa inayeyuka na kuondoka na maji. Hata mapango ya Amboni kule Tanga yamechongwa na maji namna hiyo, na chokaa hiyo hiyo ikiganda tena ndiyo yale mawe yanayoning'inia darini.

Kwako kuna na chumvi ya bahari. Maji yakikauka, fuwele zake hukua ndani ya vitundu vya jiwe na kulipasua. Saruji hufungia unyevu humo humo, ndiyo maana lipu yake hubanduka na vipande vya jiwe.

Anza na paa na mifereji, maji yasiuchape ukuta. Mimea iliyoota kwenye nyufa iondoe. Kisha tafuta fundi anayejua lipu ya chokaa, na mchanga wake usiwe wa pwani.