Uchungu wa mapema: dawa zipo, lakini angalieni zile siku mbili

Mimi ni mkunga, na sehemu kubwa ya kazi yangu nimeifanya wodi ya wazazi hapa Tanga. Analetwa mama wa wiki ya 30, tumbo linakaza na kuachia, na ndugu wananizunguka: "Sista, dawa ipi inashikilia mimba vizuri zaidi?" Nawaelewa kabisa. Lakini hakuna hata moja ya kumfikisha miezi tisa. Tunachotafuta ni saa 48 tu, na saa hizo zina kazi: kumchoma mama sindano ya kukomaza mapafu ya mtoto, na kumfikisha penye huduma ya njiti.

Sindano hiyo kwetu ni deksamethasoni, miligramu 6 kila baada ya saa 12, mara 4. Faida ya dawa za jamii hii ilionyeshwa na Liggins na Howie wa New Zealand mwaka 1972. Hiyo ndiyo inayookoa mtoto. Dawa ya kutuliza uchungu, yaani ya kupunguza kukaza kwa kizazi, inaipa nafasi ifanye kazi.

Katika za kutuliza, mimi naiamini nifedipini, hiyohiyo mnayoijua kama dawa ya presha. Ni kidonge, bei yake nafuu, inalegeza misuli ya kizazi, na Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka 2022. Inaweza kuleta kichwa kuuma na kushusha presha, kwa hiyo lazima mama apimwe kwanza. Msiinunue duka la dawa mkampa nyumbani, tafadhali sana.

Zamani tulitumia salbutamoli. Namkumbuka binti mmoja aliyeletwa na wifi yake: mikono ilimtetemeka hadi bangili zikawa zinagongana, akanishika kanga, "Sista, moyo unataka kutoka." Kwa kazi hii wataalamu wengi wameshaiacha, na sijutii. Indomethasini nayo inatuliza, ila baada ya wiki 32 inaweza kuubana mapema mshipa ulio karibu na moyo wa mtoto, na hupunguza maji ya uzazi. Kuna atosibani, ya dripu, inayotumika Ulaya. Haimsumbui mama sana, lakini ni ghali. Utafiti wa Uholanzi na Ubelgiji uliochapishwa 2016 uliilinganisha na nifedipini, na hali za watoto hazikupishana sana. Kwa hiyo asiwepo mzazi wa mtaani kwetu Makorora anayelala akiumia kwamba mwanawe alikosa dawa ya matajiri.

Magnesiamu salfeti mtaiona pia, kabla ya wiki 32. Hiyo ni ya kulinda ubongo wa mtoto.

Na kuna wakati tunakataa kuzuia. Mama anatoka damu nyingi, au ana homa na maji yananuka, au ana kifafa cha mimba: hapo kumbakiza mtoto tumboni ni kuwahatarisha wote wawili. Ndugu hukasirika, wengine huona tumezembea. Niamini, si uzembe.

Kinachoniuma ni kuchelewa. Binti anasema mgongo unavuta kwa chini, mkwe anamwambia ni chango, akandwe apumzike. Anafika asubuhi mlango wa kizazi umeshafunguka sana, na hapo hakuna kidonge kitakachosaidia. Kabla ya wiki 37, tumbo likikaza kwa mpangilio au maji yakitoka, ondokeni usiku huohuo. Chukueni kadi ya kliniki kabla ya kanga na beseni, maana bila kujua wiki za mimba tunashindwa kuamua dawa.

Mkitokea mbali, Pangani au Mkinga, muulizeni mganga wa kituo kama dozi ya kwanza ya deksamethasoni inaweza kuchomwa kabla ya safari. Akishachoma, aandike saa kwenye karatasi ya rufaa, ili mkifika hospitali ya Bombo hapa Tanga ijulikane ya pili ni saa ngapi.