Kompyuta haijui Mfungo Nne

Hii nawaandikia masista wenzangu mnaoanza kutumia sistimu ya kompyuta kliniki ya waja wazito na leba, mana mimi ishanitia aibu. Niko Lamu, na hapa kwetu ukimuuliza mama lini uliona siku zako mara ya mwisho hakwambii tarehe ya kizungu, atakwambia Mfungo Nne, yaani Muharram, mwezi wa nne baada ya Ramadhani, au Maulidi yashapita hivi, na kwake hilo ni jibu kamili, hajasahau kitu. Sasa ile sistimu inataka siku, mwezi, mwaka, na usipojaza haikuachii kwenda mbele, hata presha yake huwezi kuiandika.

Siku hiyo foleni imefika mlangoni, netwaki yaja yaenda, mama katoka kisiwa cha Pate na boti ya kurudi haimngoji. Nikatizama kalenda Mfungo Nne ilianza lini, nikaweka siku ya kwanza ili nipite tu. Nikasahau. Na kila aliyemfungua baada yangu akaona tarehe imekaa safi, nani atajua ni ya kukisia? Mwisho akaletwa leba hana uchungu wowote, kisa maandishi mekundu yasema wiki 41, na kesho yake ndio aanzishiwe uchungu.

Aliyetuokoa ni mkunga wetu mmoja mtu mzima, kompyuta yenyewe haipendi, alikaa kando ya kitanda akamuuliza, mwanangu, Ashura ulifunga? Akasema nilifunga, siku zangu zilikuja mwezi wataka kuisha. Haya piga hesabu, Ashura ni kumi ya Mfungo Nne na aliye kwenye siku zake hafungi, hapo wiki 3 zishaondoka, mama ana wiki 38! Tukamwacha, akarudi mwenyewe na uchungu wake, mtoto mashaallah.

Basi mimi siku hizi kompyuta naiacha kwanza, naongea na mama. Uliza kwa funga: ana deni la siku ngapi za Ramadhani, na hedhi ilimkuta kumi la mwanzo, la kati au la mwisho. Hilo mwanamke hasahau mana ni la kulipa. Alafu geuza kwa kalenda ya mwaka huohuo, si ya mwaka jana, mwaka wetu wa Kiislamu ni mfupi kwa kama siku 11 na utapotea. Sistimu itahesabu siku 280 kutoka hapo, ukiipa uongo itauhesabu vizuri tu. Kama amewahi kupigwa skani kabla ya wiki 24 hiyo nayo iandike, itakusaidia sana. Na ikiwa tarehe ni ya kukisia andika "kukisia" kwenye maelezo, na pia kwa kalamu kwenye kitabu chake cha kliniki, mana hicho ndicho anachopanda nacho boti na hakijali stima imepotea.

Kingine kidogo, mtoto kwetu mara nyingi hupewa jina siku ya saba, sistimu inalitaka saa hiyohiyo. Usimbunie! Weka "mtoto wa" na majina yote matatu ya mama, kina Fatma Ali ni wengi, na pacha andika wa kwanza, wa pili.

Kijana wa kompyuta nishamwomba aongeze kisanduku cha "hana uhakika" pale kwenye tarehe, akasema ni kazi ya nusu saa. Leo miezi mitatu.